Seng'enge ya Mama

Ua wetu ulijengwa Agosti 2007, nikiwa darasa la nne. Nakumbuka vizuri manake mimi ndiye niliyeshikilia roli ya seng'enge fundi akivuta, na kiganja changu cha kushoto kina kovu hadi leo. Mama na wenzake sita wa kiwandani walikuwa wamechanga miaka minne kwenye chama chao hadi wakanunua ekari moja nje ya Kitengela, upande wa kuelekea mbuga. Ekari moja hutoa ploti nane za futi 50 kwa 100. Saba waligawana, ya nane ikawa barabara. Yetu ilikuwa ya mwisho. Ukivuka ua wetu zilikuwa nyasi tu, na pundamilia asubuhi.

Fundi alikuwa amebakisha kona moja wakati mzee aliyetuuzia alipofika. Alisimama na fimbo yake, akautazama waya kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akamuuliza Mama ng'ombe watapitia wapi. Mama alimjibu kwa heshima: lakini mzee, si uliuza? Mzee akasema, "Ardhi niliuza, mama. Njia sikuuza."

Fundi alicheka. Mama pia, kidogo. Mimi nilidhani mzee anataka kuongezewa pesa.

Ukiwauliza wasee wa rika langu historia ya Kitengela, watakwambia haina. Ni mji wa juzi. Hatukuja hapa kufuata historia, tulikuja kwa sababu kodi ya Nairobi ilitushinda. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 mjini, na karibu kila mtu unayekutana naye stejini kwao ni kwingine: Ukambani, Kisii, Murang'a, Siaya. Shuleni nilifundishwa kuhusu Lenana, nikakariri mwaka wa mkataba, nikapata alama zangu. Sikuwahi kuuhusisha mkataba huo na waya ulionikata mkono.

Halafu corona ikaja. Chuo kilifungwa Machi 2020 nikiwa mwaka wa mwisho, nikarudi nyumbani kukaa bure. Jioni moja nilimkuta yule mzee ameketi chini ya mgunga, hatua chache kutoka uani kwetu. Nilimwinamishia kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyofanya, akanigusa utosini, akaniuliza kama nimeoa. Sijaoa, nikasema. Basi keti, akasema, una wakati. Nikaketi. Nilienda siku nyingi baada ya hapo, na mambo aliyonisimulia nikawa nayatafuta usiku kwenye vitabu na kwenye simu, kuona yanaangukia wapi.

Mzee alikuwa wa Ilkaputiei, mojawapo ya matawi ya Wamaasai. Ramani za zamani huziita tambarare hizi Kapiti. Hilo ni jina lao lililovunjwa na ulimi wa mgeni. Kajiado nayo ni hivyo hivyo: Olkejuado, mto mrefu. Nairobi ni Enkare Nairobi, maji baridi. Enyewe tunaishi ndani ya majina ya watu, tunapanda matatu kwenda kwenye majina yao, na hatujui.

Reli ilifika kwenye hayo maji baridi 1899. Agosti 1904 Lenana na viongozi wengine wakatia alama kwenye mkataba na Sir Donald Stewart. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa, wakagawanywa sehemu mbili, Laikipia kaskazini na nyingine huku kusini, kwa ahadi kwamba sehemu hizo zitakuwa zao kwa muda wote watakaokuwepo kama jamii. Ahadi haikumaliza miaka saba. Aprili 1911 mkataba wa pili uliamuru wa Laikipia nao wahamie kusini, manake walowezi walikuwa wameipenda Laikipia. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa upande wa kaskazini, alitia alama yake kwa kusukumwa. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikufundishwa: yeye na wenzake walitafuta mawakili, na 1913 Wamaasai wakaishtaki serikali ya kikoloni kortini. Walishindwa. Korti ilisema mkataba ule ni makubaliano kati ya dola mbili, kwa hivyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuuamua. Yaani Wamaasai walikuwa dola siku ya kunyang'anywa, na siku ya kudai hakukuwa na mlango wa kuingilia. Nilimweleza mzee hilo la korti kwa hasira za mwanafunzi. Hakushangaa. Alisema baba yake alikuwa akisema karatasi haina masikio.

Mwaka 1946 ikaja Mbuga ya Nairobi, ya kwanza nchini. Ng'ombe wakafungiwa nje. Wanyama pori hawakufungiwa ndani, kwa sababu upande wa kusini, ng'ambo ya mto, haukuwekwa ua, na hadi leo uko wazi. Mvua ikinyesha nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kuja kulisha huku, kiangazi kikizidi hurudi kwenye maji. Kwa maneno mengine, mbuga inayopigwa picha na majumba ya Nairobi nyuma ya twiga imekuwa ikilisha wanyama wake kwenye malisho ya kina mzee, bila kodi.

Lakini jambo alilolizungumzia kuliko yote halikuwa la wazungu. Lilikuwa daftari.

Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru ilipitisha sheria ya ranchi za pamoja. Wazo lilikuwa zuri kiasi chake: badala ya ardhi ya Umaasai kubaki bila hati ikimezwa na wenye nguvu, kundi la wafugaji linapewa hati moja. Kundi linachagua wawakilishi, wasiopungua watatu wala kuzidi kumi. Linaweza kukopa, kujenga majosho, kuchimba visima. Kwa hiyo watu wakaandikwa. Mzee aliandikwa akiwa kijana aliyeoa juzi, na alikumbuka meza, kalamu, na karani aliyemwandika jina vibaya. Kitengela waliandikwa zaidi ya watu mia mbili, kila jina likisimamia boma zima. Karibu wote walikuwa wanaume. Mke hakuandikwa. Binti hakuandikwa. Mvulana aliyekuwa bado anachunga ndama hakuandikwa, na alipokuwa mtu mzima akakuta daftari limefungwa, akawa mgeni kwenye ardhi aliyozaliwa.

Nilimuuliza kwa nini basi waligawanya. Nilitarajia alaumu serikali. Akasema hapana, tuligawanya wenyewe, tulikaa mkutano tukakubaliana. Sababu alizitoa moja moja, bila haraka. Mwenye ng'ombe mia tatu na mwenye kumi walilisha sawa, na wa kumi walichoka. Vijana ambao hawakuandikwa walidai. Wawakilishi waliogopwa, kwamba siku moja wataweka ranchi nzima rehani. Na kila mtu alikuwa amesikia ya mahali pengine Kajiado ambako ardhi iligawiwa watu wasiojulikana, vigogo, hata kabla wenyewe hawajaamka. Karatasi yako mkononi ilionekana salama kuliko karatasi ya wote kabatini. Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988.

Siku hiyo, alisema, watu walichinja. Alipewa ekari zake, akaonyeshwa mawe ya mpaka. Kesho yake ng'ombe wakatoka asubuhi wakaenda walikozoea kwenda, wakavuka mipaka ya watu kumi na mmoja kabla ya saa sita. Alizihesabu.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile sentensi yake. Ng'ombe haishi kwa ekari. Anaishi kwa kuhama: mvua hunyesha hapa, kule isinyeshe, unafuata nyasi ziliko. Ardhi kavu kama hii haikatiki vipande halafu kila kipande kikatosha. Daftari lilijua nani mwenyewe, halikuwa na ukurasa wa njia.

Miaka miwili baadaye, 1990, bunge likapitisha sheria ya EPZ, na maeneo ya viwanda yakajengwa Athi River, pua na mdomo na Kitengela. Wafanyakazi walihitaji pa kulala. Mabroka wakaanza kutembea na ramani.

Hapa naingia mimi. Mama alikuja kutoka Kisii 2001. Marekani ilikuwa imepitisha AGOA mwaka uliotangulia, nguo za Kenya zikiingia kwao bila ushuru, na viwanda vya EPZ vilikuwa vikiajiri wanawake kwa maelfu. Mama alishona mifuko ya nyuma ya jinzi. Si suruali, mifuko tu, ya kulia. Waliamka saa kumi, wakatembea gizani kwa vikundi kwa sababu nauli ingekula mshahara na kwa sababu mwanamke peke yake kwenye barabara ya Namanga saa kumi na moja alikuwa anajitafutia. Walipekuliwa wakitoka. Choo kilikuwa kwa ruhusa. Januari 2003, wiki chache baada ya Kibaki kuapishwa, wafanyakazi wa EPZ Athi River waligoma, mgomo ukaruka kutoka kiwanda hiki hadi kile. Mama alikuwa ndani yake, hakuwa kiongozi, alikuwa tu kwenye lile kundi lililokaa chini langoni likakataa kuinuka. Baadhi ya wenzake hawakurudishwa kazini. Waliorudi wakaanzisha chama. Kila mshahara, kila mtu anatoa kitu, na lengo ni moja: wasizeeke kwenye nyumba ya kupanga.

Kwa hivyo nikisikia mtu mtandaoni akisema wageni waliwaibia Wamaasai, namfikiria Mama na mfuko wa jinzi. Na nikisikia mwingine akisema Wamaasai waliuza ardhi kwa pombe na pikipiki, namfikiria mzee. Kuna waliokunywa, yeye mwenyewe aliwataja na kuwacheka. Lakini yeye aliuza ekari ya kwanza binti yake alipoitwa sekondari ya bweni, ya pili mkewe alipolazwa. Ekari aliyowauzia kina Mama ilikuwa ya nne. Hakuna aliyemdanganya. Kila mauzo yalikuwa na akili yake, na yote kwa pamoja yakaziba njia.

Kuna watu waliojaribu kuizibua, na ndio nawaita viongozi, hata kama wengi hawakuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwakodisha wenye ardhi wasiuze. Ukiacha ardhi wazi, bila ua, bila kuchimba mawe, bila kulima, ulilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu tatu zilizolingana na kufunguliwa kwa shule. Aliyeupanga hivyo aliwajua watu wa Kitengela. Fanya hesabu: mwenye ekari 100 anapata 10,000 kila muhula. Haimfanyi tajiri, lakini inamzuia asiite broka Januari. Ubaya wake ni kwamba pesa zilitoka kwa wafadhili, na bei ya ardhi ilipanda kila mwaka huku ile 300 ikikaa palepale.

Wenye ardhi pia walijiunga pamoja kwenye chama chao, na wakafanya kazi na watafiti kuchora kila ua ulipo, waya kwa waya, ili waone kwa macho kinachowatokea. Mmoja wa waliosimama mbele ni David Nkedianye, kijana wa hapa aliyekuwa daraja kati ya wafugaji na watafiti hao, akasoma hadi udaktari, na 2013 akachaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado. Kutokana na kazi hiyo na ya baraza la Olkejuado wakati huo, ukatoka mpango wa matumizi ya ardhi uliosema mji uishie wapi na malisho yaanzie wapi. Ni nadra sana Kenya: wenye hati zao binafsi wanakaa chini na kuomba wawekewe mipaka ya kuuza. Ploti yetu, kwa ninavyousoma mpango huo, ipo mahali ambapo haikufaa kuwepo.

Na waliokosekana kwenye daftari? Mjini Kajiado kuna shule ya msingi ya bweni ya wasichana ya AIC iliyoanzishwa 1959. Priscilla Nangurai alipokuwa mwalimu mkuu pale aliifanya kimbilio la wasichana waliokuwa wakiozwa mapema, akibishana na kina baba langoni. Mwaka 2013 Peris Tobiko aligombea ubunge wa Kajiado Mashariki, ambako Kitengela iko. Baadhi ya wazee walimpinga hadharani, laana ikatajwa. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa mbunge wa eneo. Nilimuuliza mzee alipiga kura upande gani. Akasema mkewe alimpigia Tobiko, akanyamaza, akatabasamu. Sikupata zaidi ya hapo.

Sasa ukame. Hii sehemu naiandika kwa shida kidogo.

Desturi ya hapa ni kwamba mtu akija na ng'ombe wanaokufa, humnyimi nyasi. Ukame wa 2005 hadi 2006 wafugaji walimiminika Kitengela kutoka mbali. Utafiti ambao Nkedianye aliongoza, uliotoka 2011, ulionyesha matokeo yake: wageni walikuwa wengi mno kwa nyasi zilizopo, hivyo wa Kitengela nao wakapoteza mifugo kwa wingi. Walijua hesabu hiyo, na bado walifungua. Halafu 2009 ukaja mwingine, mbaya zaidi, na safari hii kulikuwa na nyua kila upande, mmojawapo ni wetu.

Mzee alikuja jioni akiwa na ng'ombe kama arobaini. Nyuma ya ploti zetu, kwenye bonde la mto, kulikuwa na majani kidogo. Kuzunguka ua za watu kulikuwa karibu kilomita tatu. Kupitia kwetu, hatua mia. Mama alikuwa na sukuma wiki aliyoimwagilia kwa maji ya boza, akinunua kwa mtungi, maji ambayo hata sisi tuliyaoga kwa zamu. Alikataa. Hakukataa kwa ukali, aliomba msamaha mara nyingi, lakini alikataa. Mzee akasema sawa, akawazungusha. Asubuhi tulikuta ng'ombe mmoja mwekundu amelala kwenye kona ya ua, shingo yake imegusa waya wa chini. Hakuwa amejikata. Alichoka tu.

Mama hakwenda kazini siku hiyo. Hatukuwahi kuongea kuhusu huyo ng'ombe, na nilipokuwa nikiketi na mzee 2020, yeye pia hakumtaja. Mimi nilimtaja. Akaniambia mwaka ule alipoteza wengi, akahesabu majirani wa Kimaasai waliokuwa wameweka nyua zao wenyewe na kumkatalia pia, kwa majina, na akasema mama yangu angalau aliomba msamaha.

Wanyama pori walilipa pia. Nyumbu waliokuwa karibu 30,000 kwenye tambarare hizi 1978 walikuwa wamepungua hadi chini ya 5,000 kufikia 2011. Simba wakakosa cha kula wakafuata mbuzi. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia zizi, na dunia nzima ikatutukana. Mwaka uliofuata dunia hiyohiyo ilimpigia makofi Richard Turere, mvulana wa hapahapa, kwa taa zake za kumulikamulika zinazofukuza simba zizini bila mkuki. Wote walikuwa na tatizo moja.

Mzee alifariki 2021. Alizikwa kwenye kipande kilichobaki, na barabara ya kwenda kaburini ilipita katikati ya ploti zilizozungushiwa kuta, madereva wakirudi nyuma mara mbili kutafuta pa kupenya.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa zimekosa misimu kadhaa mfululizo. Usiku mmoja wa Oktoba tulisikia kengele. Mjukuu wake, kijana wa rika langu mwenye kazi ya ofisini Nairobi, alikuwa nje na ng'ombe kumi na wanane na tochi ya simu. Alianza kuomba radhi kwamba anajua ni ploti ya watu. Mama alimpita bila kumjibu, akaenda kwenye kona ile, na kwa koleo ya fundi stima akaanza kukata seng'enge, waya wa juu, wa kati, wa chini. Nilimshikia ili isimrukie usoni. Ng'ombe walipita mmoja mmoja, wakala sukuma yote, mmoja akaacha kinyesi mbele ya mlango wa jikoni.

Asubuhi Mama alimpigia fundi simu aje aweke lango. Fundi akauliza upana, la gari au la miguu. Mama alifikiri kidogo, akasema apime upana wa ng'ombe wawili wakiongozana ubavu kwa ubavu, na aache nafasi ya mchungaji.